Kipande cha Sita

Ujumbe wa Musyoka ulinikuta jikoni kwangu Donholm nikichambua sukuma wiki, na nikausoma mara tatu kabla ya kunawa mikono. Aunty Esther ametuacha, aliandika, na nilihitaji muda kukumbuka Esther ni nani. Kisha nikakumbuka, nikakaa chini. Ni Mama Mutua. Mtaa mzima wa Bahati tulimwita Mama Mutua tangu nikiwa mtoto, na hilo jina lingine nililisikia kanisani tu, mara moja moja. Alikuwa amelala kawaida katika chumba chake, kilekile cha siku zote, na jirani aliyempelekea chai asubuhi akamkuta ameshaondoka. Musyoka ni mtoto wa kaka yake, mtu mpole anayeuza vipuri vya magari Eastleigh, na huandika kama mtu anayelipia kila neno. Mazishi ni Kitui, Ijumaa ya wiki ijayo, basi litaondoka asubuhi. Halafu chini kabisa akaweka sentensi moja peke yake: tunakuomba usome wasifu wake, kwa sababu alikuwa akituambia wewe ndiye wa kwanza kumsomea. Nililia palepale na kisu mkononi. Sikumlilia yeye tu. Ndani ya huko kumsomea kulikuwa na jambo tulilolijua watu wawili, mimi na yeye, na sasa limebaki kwangu peke yangu.

Mimi nilikuwa karani mahakamani. Niliingia huko msichana mwembamba, nikatoka bibi mwenye wajukuu na miwani ya kamba shingoni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma kwa sauti: mashtaka, taarifa za mashahidi, majina ya watu waliosimama kizimbani wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewakamata. Mahakimu walinipenda kwa sababu moja, sikuongeza neno wala sikupunguza. Kama polisi alikuwa ameandika upuuzi, niliusoma upuuzi wake kwa heshima zote. Wenzangu walinitania kwamba mimi ni redio, ukiniwasha natoa kilichomo. Nilicheka nao, lakini tabia hiyo sikuipata mahakamani. Niliipata Bahati nikiwa darasa la sita, mwaka tuliosoma vitabu kwa kudhaminiwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitwa Bi Peris. Mchana alitufundisha sisi, na saa kumi na moja jioni alivuka uwanja kwenda ukumbi wa mtaa kufundisha gumbaru, yaani darasa la watu wazima ambao hawakuwahi kusoma. Tulikuwa tunawachungulia dirishani: mlinzi mwenye koti refu, wauza matunda, dereva wa lori aliyeshika kalamu kwa ngumi. Hawakuwa na vitabu. Walisoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa nyama, na ukurasa ukiwa na doa la damu waliliruka doa wakaendelea. Bi Peris aliona hiyo ni aibu. Akatuchapishia kadi, akatuambia twende nyumba kwa nyumba tutafute wadhamini, kila mdhamini aahidi shilingi kwa kila sehemu ya kitabu ambayo mtoto atasoma, na pesa hizo ziwanunulie gumbaru vitabu vyao. Lakini mdhamini alitakiwa aisikie sehemu hiyo kwa masikio yake mwenyewe, kisha aweke sahihi au kidole gumba. Bi Peris alitufahamu vizuri. Alijua bila sharti hilo tungeleta kadi zilizojaa na vitabu visivyofunguliwa, kama vilivyotoka dukani.

Shida ilikuwa vitabu. Vya hadithi vilikuwa kumi na vinne, vimekaa kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, na darasa letu lilipita watoto hamsini. Siku ya kwanza Bi Peris alikuja na kisu cha jikoni, akakaa mezani, akaanza kung'oa pini za vitabu mbele yetu. Tulikuwa tumechapwa kwa kukunja tu pembe ya ukurasa, na sasa mwalimu mwenyewe anavipasua. Kila kitabu alikigawa vipande sita, kila kipande akakishona kwa uzi wa fundi viatu ndani ya jalada la karatasi ngumu ya kaki, akaandika juu jina la kitabu na namba. Kitabu kimoja sasa kilikuwa cha watoto sita kwa wakati mmoja. Tulibadilishana Jumatatu na Alhamisi. Walikuwepo watoto walioanza na kipande cha nne wakamaliza na cha tatu, na wakaona hadithi iko sawa tu. Mimi nilipigania kipande cha kwanza cha hadithi ya mfinyanzi mpaka nikapata mkwaruzo shingoni, na nikahakikisha kila Jumatatu na Alhamisi napata kinachofuata.

Wadhamini niliwapata wanne. Mmoja alikuwa fundi cherehani aliyetaka nimtafsirie kila sentensi kwa Kikuyu na bado akalalamika kwamba hadithi ni ndefu. Mwingine alikuwa dereva aliyesinzia kwenye mstari wa tatu na kuamka tayari ameshika kalamu. Wa tatu alikuwa mke wa mhubiri, na yeye alinikatiza kila mara kuniuliza kama hadithi hiyo ina mafundisho. Wa nne ni Mama Mutua. Yeye hakunikatiza wala kusinzia.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye laini yetu, yaani safu ya vyumba, karibu na mfereji wa maji. Kilinukia ngozi. Mama Mutua alifanya kazi soko la Kariokor, akishonea vyondo, vikapu vya kusuka, mikanda ya ngozi, na jioni alirudi na mzigo wa kumalizia nyumbani, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa vyondo tupu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine mpaka karibu na dari. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la maua. Kwenye jiko la makaa kulikuwa na sufuria ya muthokoi karibu kila siku, mahindi yaliyokobolewa yakichemka polepole na maharagwe, na sijui mpaka leo kwa nini muthokoi wa mtu mwingine hauna ladha ile. Juu ya meza, kwenye msumari, kulining'inia kikombe cha bati cha manjano. Siku ya kwanza nilitaka kukitumia kunywea maji, akanipa bilauri. Alisema kwa upole kwamba hicho ni cha Mutua. Mutua alikuwa mwanawe wa pekee, turnboi wa lori, yaani utingo, na asubuhi moja alikuwa amepanda lori la kwenda Uganda akamwambia mamake watarudi Jumamosi. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Lori lilirudi na dereva mwingine, na tajiri wa lori alisema yeye hajui lolote.

Sasa hebu fikiria ni hadithi gani niliyomletea. Ilikuwa ya mfinyanzi aitwaye Bibi Tatu, ambaye mwanawe Sefu alifuatana na wafanyabiashara wa ng'ombe na hakurudi. Bibi Tatu alibeba mtungi ambao Sefu, akiwa mtoto, alibonyeza kidole gumba kwenye udongo wake kabla haujakauka. Akaenda soko baada ya soko akiwaonyesha watu alama ile na kuwauliza kama wamemwona mwenye kidole hicho. Sikuichagua kwa ajili yake. Niliichagua kwa sababu jalada lilikuwa na picha ya mtungi mzuri. Mtoto wa miaka kumi na miwili haoni anachofanya. Niliposoma kipande cha kwanza, sindano ya Mama Mutua ilisimama kwenye ngozi, na haikutembea tena mpaka nilipomaliza. Akaweka kidole chake gumba kwenye kadi akauliza kipande kingine ni lini.

Kufikia kipande cha tatu tulikuwa tumehamia nje, mlangoni, kwa sababu chumba hakikutosha. Wanawake wa laini walikuja na kazi zao, huyu na maharagwe ya kuchambua, huyu na mtoto wa kusuka. Walibishana na kitabu kana kwamba kinawasikia. Wengine walisema Sefu ameoa huko na mke amemshika. Mwingine akasema huyo Bibi Tatu naye amezidi, kijana mkubwa haitwi kama kuku. Mama Mutua alingoja mstari unaofuata. Nilijivuna, sitakataa. Njiani niliitwa kasisi. Vijana wa kona waliniuliza, "Niaje msomaji, yule mathe amefika soko gani?" na mimi nikapita nimeinua kidevu.

Siku niliyopeleka kipande cha tano nilikuta mlango umeegeshwa na sauti ya mwanamume ndani. Alikuwa kaka yake, Mzee Kimeu, baba yake Musyoka, aliyetoka Kitui na mbuzi wa kuuza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikasubiri, na kwa kuwa walizungumza nusu Kikamba nusu Kiswahili, nilielewa ya kutosha. Mzee Kimeu alimwambia dada yake kwamba shamba lipo, nyumba ameshamjengea, na hakuna maana ya kuzeeka kwenye chumba cha kanjo, cha kukodi kwa baraza la jiji, akingoja mtu ambaye huenda yuko chini ya ardhi. Alimwomba arudishe chumba mwisho wa mwezi. Mama Mutua alimuuliza, Mutua akija akute mlango una mtu mwingine, atamtafuta wapi, hajui hata barabara ya kule shambani? Kisha nikamsikia akisema maneno ambayo yamenikaa miaka yote hii.

"Ngoja kwanza hii kitabu ya mtoto iishe. Nisikie huyo mama alifanya nini. Halafu nitakwambia."

Sijui alikuwa anatania au alikuwa anaomba tu muda. Mimi niliyachukua kama yalivyo. Nilisoma kipande cha tano, na nilipomaliza Bibi Tatu alikuwa amefika soko la mwisho, amesimama langoni, jua linazama, na mtu mmoja anamwita kwa jina. Kipande kiliishia hapo. Bi Peris angekata mahali pengine popote, lakini alikata hapo.

Kipande cha sita kilikuwa kwa Njoroge wa darasani kwetu, na siku ya kubadilishana Njoroge alikuja na jalada la kaki peke yake. Nilimshika kola. Mamake aliuza njugu karanga barabarani, na njugu, kama mnavyojua, zilifungwa kwenye karatasi iliyokunjwa ikawa na ncha. "Mathe alidhani ni makaratasi tu," Njoroge alisema, naye alikuwa karibu kulia. "Aliacha jalada sababu ni ngumu, haikunjiki." Tulikimbia mpaka barabarani. Mamake alikuwa amebakisha karatasi za gazeti. Mwisho wa hadithi ya Bibi Tatu ulikuwa umeuzwa tangu asubuhi, njugu zikaliwa, wenyewe ukatupwa kutoka Bahati mpaka Shauri Moyo, na ingawa tuliinama tukiokota kila karatasi yenye mafuta kwenye mtaro, hatukupata hata mstari mmoja. Njoroge alinisihi nisimwambie Bi Peris. Na mimi sikutaka kumwambia, kwa sababu angesema tungoje mpaka vitabu vingine vipatikane, na Mzee Kimeu alikuwa anaondoka Jumapili.

Jumamosi mchana nilikwenda. Ndani ya jalada la kaki nilikuwa nimeweka kurasa nilizochana kwenye daftari langu la hesabu, zikiwa na kugawanya kwingi na alama nyekundu. Wanawake walikuwa wamejaa. Mzee Kimeu alikuwa kwenye kiti, kofia gotini. Nilikuwa nimejiapiza nitasema kipande kimepotea, kweli nilikuwa nimejiapiza, lakini Mama Mutua alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, na niliona kwamba alikivaa kwa ajili ya kitabu. Nikafungua jalada nikaanza kusoma. Aliyemwita Bibi Tatu langoni, nikasema, alikuwa mwenye duka la chumvi, na huyo alimpeleka nyuma ya soko, na huko kulikuwa na kijana anayefunga ng'ombe. Bibi Tatu alimpa mtungi tu, na kijana akaweka kidole gumba kwenye alama, na kidole kilikuwa kimekuwa kikubwa kupita alama. Maneno yalikuja yenyewe. Nilimrudisha Sefu nyumbani na mamake, nikawavusha mto, nikawaingiza ndani. Sefu akakaa chini, nikasoma. Akachukua kikombe cha manjano, akanywa maji.

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Mwanamke mmoja alifuta macho kwa khanga, akasema alijua tu. Mama Mutua aliinuka, akaingia ndani, akakishusha kile kikombe kwenye msumari, akakiosha, akakikausha kwa makini, akakirudisha. Kisha akatoka akabonyeza kidole chake gumba kwenye kadi yangu, mraba wa sita, na akamwambia kaka yake kwa Kikamba kwamba haendi. Mzee Kimeu hakubishana. Alinitazama tu mimi, muda mrefu, akavaa kofia yake.

Pesa zilikusanywa ukumbini siku ya mkutano wa wazazi, tukapigiwa makofi, Bi Peris akalia mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilikaa nyuma. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata siku ya kujifungua. Kila nilipopita mlango wa mwisho wa laini nilimwona Mama Mutua akishona mikanda yake, na niliwaza kwamba angekuwa Kitui, kwenye nyumba ya matofali yenye hewa, kama si mimi. Nilimfunga pale kwa kikombe. Halafu mambo yakazidi kuharibika, maana vitabu vya gumbaru vilipofika, vipya, vyenye harufu ya gundi, Bi Peris alikuwa ameagiza pia ile hadithi ya mfinyanzi, nakala nzima kumi, kwa kuwa alisikia mtaa uliipenda. Na wiki hiyohiyo Mama Mutua, ambaye Bi Peris alikuwa amemwomba miaka miwili akawa anasema kichwa chake kimekauka, alivaa kitambaa cha kanisani akaenda ukumbini akaandikisha jina.

Nilianza kupitia njia ya nyuma. Nikitumwa maji nilikwenda mfereji wa laini nyingine. Jioni nilichungulia dirisha la ukumbi nikamwona, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, na nilihesabu kurasa kwa macho kutoka mbali. Mwezi wa nane alikuwa kwenye herufi. Mwezi wa kumi alikuwa soko la pili. Nilimwomba Mungu amchoshe, na nikaona haya kwa ombi hilo, kisha nikaliomba tena.

Shule zilikuwa zimefungwa, mwezi wa kumi na mbili, aliponiita. Hakunituma mtu. Alisimama mlangoni kwake akaniita kwa jina lote mpaka laini nzima ikageuka, ikabidi niende. Alinikalisha kwenye kigoda karibu na jiko, muthokoi ukichemka, akachukua kitabu akakaa mbele yangu, na akaanza kunisomea mwisho. Alisoma neno kwa neno, akisimama, akirudi nyuma, akijikemea kwa Kikamba anapokosea. Mtu aliyemwita Bibi Tatu langoni alikuwa amemfananisha na mwingine. Sefu hakuwa soko la mwisho. Hakuwa popote. Bibi Tatu alirudi kwao peke yake, akauweka mtungi mlangoni, akaujaza maji, akaingia ndani kupika. Ilimchukua asubuhi nzima kuyasoma hayo, na kwa kila mstari nilijiona nikizama zaidi kwenye kile kigoda. Alipomaliza alifunga kitabu.

"Hakuna kikombe," alisema.

Nilijibu kwamba hakuna, nikaanza kulia, na nikamwambia yote, Njoroge, mamake, jalada, daftari la hesabu. Nilipofika kwenye njugu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema wiki ile alinunua njugu kwa yule mama karibu kila siku, kwa hiyo huenda yeye mwenyewe ndiye aliyeutupa mwisho kwenye mtaro. Kisha akatulia.

"Mimi nilijua siku ileile. Mtu akisoma, macho inaenda huku na huku. Yako ilikuwa inaniangalia."

Nikamuuliza basi kwa nini hakwenda na kaka yake. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemfanya abaki, na kitabu chenyewe kilisema mama arudi kwao.

"Wambui, mimi sikukaa sababu ya kitabu. Nimekaa sababu ya Mutua." Alichochea makaa kwa koleo kabla ya kuendelea. "Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, na kila mtu alikuwa ananiambia amekufa. Wewe ukakuja ukasema amerudi, amekaa, amekunywa maji. Hakuna mtu mwingine alinipea hiyo, hata ya uongo." Akanielekezea koleo. "Tena usiwahi kusoma kitu haiko. Siku moja utapata mtu ataamini."

Kisha akatoa kwenye kiondo kadi, moja ya zile zetu, aliyokuwa ameiomba kwa Bi Peris, akaniambia nimesikia kipande kizima, kwa hiyo niweke sahihi. Niliandika jina. Alisema hapana, jina lote, na bila haraka. Halafu akanipakulia.

Nimeikumbuka siku hiyo nikiwa na kila aina ya umri. Nilipokuwa kijana niliikumbuka kama siku niliyosamehewa. Nilipopata wanangu na mmoja wao akakawia kurudi jioni fulani, niliikumbuka kwa njia nyingine kabisa, nikamwonea Mama Mutua huruma ambayo sikuwa na uwezo wa kuwa nayo nikiwa mtoto. Alikaa katika chumba kile maisha yake yote. Majirani walihama, wakafa, wakajenga Donholm na kwingineko, yeye alibaki mlango wa mwisho. Nilimtembelea kila mwezi. Macho yangu yalipoanza kuchoka alinisomea yeye gazeti, na alisoma hata matangazo ya minada, maana hakupenda kuruka kitu. Kikombe kilikuwa kwenye msumari. Mutua hakuja, wala mwili wake haukuja, wala habari. Na ingawa aliniambia hakukaa kwa sababu yangu, na najua hakuwa mtu wa kudanganya, bado zipo siku nilipoegesha mlango wake nikitoka nilijiuliza.

Ijumaa ile Kitui kulikuwa na joto na hema mbili, na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Musyoka alinipa kijitabu cha ibada, karatasi nzuri ya kung'aa, picha ya Mama Mutua mbele akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Nilivaa miwani nikapitia wasifu kama nilivyopitia mashtaka miaka yote, nikitafuta majina magumu. Esther Kavata. Alizaliwa hapa, akafanya kazi soko la Kariokor, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, akahudumu kanisani, akawalea wapwa wake kwa upendo. Walitajwa wote, mpaka vitukuu wa kaka yake. Niligeuza ukurasa, nikarudi. Nikamwita Musyoka kando nikamuuliza Mutua yuko wapi.

Alitazama chini. "Tulibishana wiki nzima, Aunty. Tungemweka wapi? Kwa wale ameacha, ama kwa wale walimtangulia? Hakuna mwenye anajua. Tukaona tumwache tu."

Sikuwa na la kumlaumu. Ni mtu mwema na swali lake ni la haki. Nikaitwa mbele. Nilisimama karibu na jeneza, watu wakafungua vijitabu vyao, wengine wakaweka kidole chini ya mstari wa kwanza wanifuate, kama inavyofanyika siku hizi. Nilisoma kama redio. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma Kariokor, nikasoma gumbaru. Nikafika kwa wapwa na vitukuu, nikawataja mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na hapo aya ikaisha. Mama Mutua alinikataza nisisome tena kitu ambacho hakipo. Lakini Mutua alikuwepo. Nilinywea maji kwenye bilauri kwa sababu kikombe kilikuwa chake.

"Alikuwa mama wa Mutua," nikasoma, "na alimwekea mlango mpaka siku ya mwisho."

Sikuinua uso. Niliacha macho kwenye karatasi, nikayapeleka huku na huku kwenye mstari mweupe, polepole, na chini ya hema zote mbili nikasikia kurasa zikipinduliwa, watu wakitafuta nimefika wapi.